"Inayopingana" au "inayohusu": neno linalogombaniwa Marekani katika kuwalinda watoto mtandaoni

Mwezi Agosti 2025, watu wa jimbo la Mississippi waliofungua Bluesky, programu ya mtandao wa kijamii, walikuta tangazo. Kampuni ilikuwa imejitoa katika jimbo hilo. Sheria mpya ya Mississippi iliitaka ithibitishe umri wa kila mtumiaji, mzee na kijana, na ipate ridhaa ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 18. Ikikosea, faini ingeweza kufika dola 10,000 kwa kila mtumiaji. Bluesky ni kampuni ndogo, ikaona heri ifunge duka. Ukivuka mto kuingia Louisiana, programu ileile ilifunguka bila kuulizwa kitu. Na wapo waliofungiwa hali hawakuwa Mississippi kabisa, kwa sababu mitambo ya simu iliwahesabu kuwa wako huko.

Sheria yenyewe ina chanzo cha kusikitisha. Imepewa jina la kijana wa miaka 16, wa huko huko Mississippi, aliyejiua baada ya tapeli wa mtandaoni kumtisha kwamba angesambaza picha zake za faragha. Bunge la jimbo liliipitisha 2024. Jaji wa shirikisho akaizuia, mahakama ya rufaa ikaliondoa zuio, na tarehe 14 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulirudisha. Jaji Brett Kavanaugh alikubaliana na uamuzi huo, lakini akaandika kwamba kwa maoni yake huenda sheria hiyo inakiuka Katiba. Kwa lugha ya mtaani: inaelekea ni mbovu, ila iachwe iendelee kwanza.

Habari za namna hii huandikwa kama ugomvi wa ndugu wawili, majimbo upande huu na Washington upande ule. Mimi naona maelezo hayo yanapotosha. Ndani yake kuna maswali matatu tofauti yaliyofungwa fundo moja: je, Bunge la Marekani limetunga sheria inayozifunika za majimbo, je, kuna jambo ambalo serikali yoyote ile haina ruhusa ya kulifanya, na je, jimbo linaweza kuiamrisha kampuni iliyo nje ya mipaka yake? Sheria nyingi za majimbo zimeangushwa na swali la pili, ambalo halijali nani mkubwa kati ya jimbo na shirikisho. Ugomvi halisi wa mamlaka upo, lakini unakaa mahali padogo mno, katika neno moja au mawili ndani ya miswada iliyofikishwa bungeni.

Mtoto ni wa jimbo, intaneti ni ya nani?

Mtanzania aliyewahi kubishana kuhusu Muungano ana pa kuanzia. Katiba ya Tanzania ina Nyongeza ya Kwanza yenye orodha ya mambo 22 ya Muungano, na lisilokuwemo humo, kwa upande wa visiwani, ni la Zanzibar. Kenya nayo ina Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47. Tunaweza kubishana juu ya orodha, lakini orodha ipo.

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa 1787, inayataja mamlaka ya Bunge la shirikisho, na mojawapo ni kusimamia biashara kati ya majimbo. Marekebisho ya Kumi, ya 1791, yanasema mamlaka ambayo shirikisho halikukabidhiwa, na ambayo majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Watoto hawatajwi popote. Kwa mazoea ya zaidi ya karne mbili, malezi, shule, ndoa na ulinzi wa mtoto vimekuwa kazi ya jimbo. Intaneti, kwa upande wake, ni biashara inayovuka mipaka kila sekunde. Basi mtoto aliyeshika simu anasimama palepale mamlaka mbili zinapokutana: yeye ni wa jimbo, na kilicho mkononi mwake ni cha shirikisho. Serikali zote mbili zinaweza kutunga sheria juu yake bila kuombana ruhusa.

Zikigongana, Kifungu cha Sita cha Katiba kinasema ya shirikisho ndiyo inayoshinda. Watu wengi huishia hapo, wakadhani mambo yamekwisha. Lakini kugongana ni nini? Bunge lina uhuru wa kulieleza hilo ndani ya kila sheria linayoitunga, na hapa msamiati wa mishahara unatusaidia. Serikali ikitangaza kima cha chini cha mshahara, mwajiri anayelipa zaidi hajavunja kitu. Marekani kwenyewe kima cha chini cha shirikisho kimesimama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009, na California inadai zaidi ya mara mbili ya hiyo, wala hakuna mgongano. Sheria ya watoto inaweza kuandikwa vivyo hivyo: hapa ndipo pa chini, anayetaka kuongeza ulinzi aongeze. Inaweza pia kuandikwa kama kikomo: hapa ndipo mwanzo na mwisho, jimbo lisiongeze hata nukta.

Miaka 13 ilitoka wapi

Kila mzazi wa Afrika Mashariki aliyemsaidia mwanawe kufungua akaunti ya mtandao wa kijamii, au aliyegundua kwamba mwana alishajifungulia mwenyewe, anaujua umri wa miaka 13. Haukutoka kwa wataalamu wa makuzi ya mtoto, wala katika sheria ya Dodoma au Nairobi. Ulitoka katika sheria ya shirikisho la Marekani ya 1998, ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, ijulikanayo kwa kifupi kama COPPA, iliyoanza kutumika Aprili 2000. Ed Markey wa Massachusetts, mmoja wa waasisi wake, alitaka ulinzi ufike miaka 16. Katika kuvutana na kuelewana, umri ukashushwa.

COPPA haimkatazi mtoto kutumia intaneti. Inasema tovuti au programu inayowalenga watoto wa chini ya miaka 13, au inayojua kwa hakika kwamba mtumiaji wake ni wa umri huo, isikusanye taarifa zake binafsi bila ridhaa ya mzazi. Kampuni nyingi kubwa zikaona njia rahisi ni kuandika katika masharti yao kwamba walio chini ya 13 hawaruhusiwi kabisa, kisha zikayatumia masharti hayo karibu dunia nzima. Ndiyo maana mtoto wa Tanga au Kisumu anaulizwa mwaka wa kuzaliwa, na ndiyo maana watoto wengi wanaoshindwa hesabu za kutoa darasani huziweza vizuri sana mbele ya swali hilo.

Msimamizi wa sheria ni Tume ya Biashara ya Shirikisho, lakini Bunge liliwapa pia Wanasheria Wakuu wa majimbo ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya wakazi wao. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza madai ya kukusanya taarifa za watoto: milioni 136 kwa tume, milioni 34 kwa jimbo la New York. Madai mamoja, serikali mbili, bila kurushiana maneno. Huwa naukumbuka mfano huu kila ninaposoma kwamba jimbo na shirikisho haviwezi kufanya kazi pamoja.

Sasa neno letu la kwanza. COPPA ina kifungu kinachosema jimbo haliwezi kuweka dhima ya kisheria "inayopingana" na sheria hiyo. Wazazi walipoishtaki Google kwa kutumia sheria za majimbo yao, Google ilijibu kwamba COPPA imeshalishika jambo hili lote, na majimbo hayana nafasi. Desemba 2022 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa, inayohudumia California na majimbo mengine ya magharibi, ilikataa hoja hiyo. Sheria ya jimbo inayokataza kilekile kinachokatazwa na COPPA, ilisema, haipingani nayo. Tume ya Biashara yenyewe ikaandika kuunga mkono msimamo huo. Kurudia si kupinga.

Tatizo kubwa la COPPA liko kwingine. Ulinzi wake unakoma siku mtoto anapotimiza miaka 13, yaani mwanzo wa umri uleule ambao wazazi wanauogopa zaidi. Instagram ilizaliwa 2010, miaka 12 baada ya sheria. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni hiyo na kwenda kuhojiwa na Seneti. Bunge likasikitika sana, likaendelea na shughuli zake. Majimbo yakachoka kungoja.

Kuna sheria nyingine ya shirikisho ya kutaja kabla ya kusonga mbele, kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya 1996. Kinasema tovuti haihesabiwi kuwa ndiyo iliyoyasema yale yaliyoandikwa na watumiaji wake, na kinazizuia sheria za majimbo zisizopatana nacho. Kutokana na ukuta huo, wanasheria wa majimbo walijifunza kuacha kulalamikia kilichosemwa na kulalamikia mtambo wenyewe: video zinazofuatana bila mwisho, arifa za saa tisa usiku, kanuni za kompyuta zinazojua kitu gani kitamzuia mtoto asiweke simu chini.

Sheria zinazoanguka, na kinachoziangusha

California ilianza Septemba 2022 kwa sheria ya kuzilazimisha kampuni zibuni huduma zao kwa kufikiria umri wa mtoto. Utah ikafuata Machi 2023, Arkansas mwaka uleule, kisha Ohio, Florida, Mississippi, Texas, New York na wengine. Tazama orodha hiyo kisiasa: California ya Democrats na Utah ya Republicans ziko kitanda kimoja. Ni mambo machache Marekani yanayoweza kufanya hivyo.

Karibu zote zilipelekwa mahakamani na mlalamikaji mmoja, NetChoice, chama cha kampuni za mtandaoni ambacho Meta (mmiliki wa Facebook na Instagram), Google na Amazon ni wanachama wake. Na nyingi zilizuiwa. Ya Arkansas ilizuiwa Agosti 2023, siku moja kabla ya kuanza kutumika, na Machi 2025 jaji akaizuia kwa kudumu. Ya Ohio ikapata zuio la kudumu Aprili 2025. Ya California imezuiwa, ikaenda rufaa, ikarudi, ikazuiwa tena.

Hapa ndipo kichwa cha habari cha "majimbo dhidi ya Washington" kinapokosea. Majaji waliozizuia sheria hizi kwa sehemu kubwa hawakusema kwamba kazi hii ni ya Bunge la Marekani na jimbo limeingilia. Walisema kwamba kumtaka mtu aonyeshe kitambulisho au abebe ridhaa ya mzazi kabla ya kusoma na kuzungumza kunagusa uhuru wa kujieleza, unaolindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, na kwamba jimbo halikuonyesha sababu nzito ya kutosha wala njia iliyopimwa vizuri. Ulinzi huo humfunga kila mtawala. Awali ulilitaja Bunge la shirikisho tu. Mahakama ya Juu baadaye ikaufanya uyafunge na majimbo.

Watoto nao wanahesabiwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliifuta, kwa kura 7 dhidi ya 2, sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya video ya ukatili mkali, na jaji aliyeandika hukumu, Antonin Scalia, hakuwa mtu wa kudhaniwa mtetezi wa michezo ya video. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali inaweza kumkinga mtoto na madhara, ila haina mamlaka ya jumla ya kuchagua mawazo gani yamfikie.

Anayefikiri Bunge la Marekani likitunga sheria hiyohiyo ya Arkansas itapona, akumbuke yaliyolipata Bunge lenyewe. Mwaka 1996 lilitunga sheria ya kukataza maneno na picha za aibu kuwafikia watoto mtandaoni. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikaifuta. Mwaka 1998 likajaribu tena kwa sheria nyembamba zaidi, inayoitwa COPA, ambayo jina lake linatofautiana na COPPA kwa herufi moja tu na imewachanganya wanafunzi wa sheria hadi leo. Hiyo haikuwahi kutumika hata siku moja. Kesi yake ilikokotwa mahakamani miaka kumi hadi ilipozikwa 2009.

Mlango mmoja ulifunguka tarehe 27 Juni 2025. Kwa kura 6 dhidi ya 3 Mahakama ya Juu iliikubali sheria ya Texas inayozitaka tovuti za ngono zithibitishe umri wa wageni wake. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba mtu mzima hana haki ya kukwepa ukaguzi wa umri kwa maudhui ambayo jimbo linaruhusiwa kumnyima mtoto. Msingi wake ni wa zamani: mwaka 1968 mahakama hiyohiyo ilithibitisha hatia ya mwenye duka wa New York aliyemuuzia kijana wa miaka 16 majarida ya picha za uchi. Majimbo zaidi ya 20 yalikwisha kuwa na sheria kama ya Texas. Lakini mlango huo ni wa ngono peke yake. Mtandao wa kijamii, ambamo mtoto huangalia mpira, mapishi, mahubiri na upuuzi kwa pamoja, ni kitu kingine, na mahakama za rufaa zimetofautiana. Za kusini zimeziacha sheria za Mississippi na Florida zitumike wakati kesi zikiendelea. Ya Florida inamnyima akaunti mtoto wa chini ya miaka 14 katika mitandao inayotumia mbinu za kumteka mtumiaji. Mahakama ya rufaa ya magharibi, Septemba 2025, iliiacha isimame sehemu kubwa ya sheria ya California inayolenga jinsi mitandao inavyowapangia watoto vya kutazama, baada ya kuwa ngumu kwa sheria zinazogusa kinachosemwa.

Swali la tatu, la jimbo kuamrisha kampuni zilizo nje, nalipita upesi. Msishangae: kesi inayotajwa sana hapo ni ya nguruwe. California ilikataza kuuzwa kwake nyama ya nguruwe waliofugwa kwa kubanwa, ingawa karibu nyama yote hiyo inatoka majimbo mengine. Wafugaji wakalia kwamba jimbo moja linaiamrisha nchi nzima. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikawakatalia. Tangu hapo imekuwa vigumu zaidi kwa kampuni ya mtandao kushinda kwa kusema tu kwamba sheria ya Utah inaivuruga hadi Boston.

Neno lenyewe

Turudi Washington. Februari 2022 maseneta wawili, Richard Blumenthal wa Connecticut, Democrat, na Marsha Blackburn wa Tennessee, Republican, walileta muswada wa usalama wa watoto mtandaoni uitwao KOSA. Moyo wake ni kuzipa kampuni wajibu wa kuchukua tahadhari ili ubunifu wao usiwadhuru watoto. Tarehe 30 Julai 2024 Seneti iliupitisha kwa kura 91 dhidi ya 3, ukiwa umeunganishwa na muswada wa Markey na mwenzake wa kupanua COPPA hadi vijana wa chini ya miaka 17. Ukienda kwa hesabu hiyo, ungesema kazi imekwisha. Baraza la Wawakilishi, nusu ya pili ya Bunge la Marekani, halikuupigia kura, na Bunge hilo likamaliza muda wake.

Muswada wa Seneti uliandikwa kama kima cha chini. Sheria ya jimbo inayogongana nao ingeanguka, lakini jimbo lingeruhusiwa kuwapa watoto ulinzi mkubwa zaidi. Desemba 2025 kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi ilipitisha kifurushi cha miswada 18, na ndani yake KOSA ya upande wao. Wajibu wa kuchukua tahadhari haukuwemo. Na penye kifungu cha majimbo, badala ya "inayopingana", palisomeka kwamba jimbo lisiwe na sheria yoyote "inayohusu" masharti ya muswada.

Tofauti kati ya maneno hayo mawili ina historia. Bunge la Marekani lilitumia "inayohusu" mwaka 1974 katika sheria ya pensheni na bima za wafanyakazi, na mahakama zikashughulika kwa miongo kuuliza mwisho wake uko wapi. Je, kodi ya hospitali inahusu bima? Kanuni za mishahara ya mafundi? Mwaka 1997 Scalia, yuleyule, aliandika kwa kuchoka kwamba ukilifuata neno hilo lilivyo hutafika mwisho, kwa kuwa kila kitu kinahusiana na kila kitu. "Inayopingana" inakulazimisha uonyeshe mgongano. "Inayohusu" inakuruhusu uonyeshe ujirani tu, na ujirani haukosekani.

Kampuni zina hoja ya kweli: sheria 50 zenye umri tofauti, aina tofauti za ridhaa na faini tofauti ni mzigo, na mzigo huo humwelemea mdogo kama Bluesky kuliko mkubwa kama Meta. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Kampuni inayodai sheria moja ya taifa kwa ajili ya urahisi huku ikipigania muswada uliotolewa moyo wake haidai urahisi peke yake. Ingekuwa urahisi tu, ingeweza kuichukua sheria kali kuliko zote na kuifuata kila mahali.

Aliyeliona hili mapema ni Blackburn. Mei 2025 Baraza la Wawakilishi lilichomeka katika muswada mkubwa wa bajeti kifungu cha kuyazuia majimbo kusimamia akili mnemba kwa miaka 10. Ulipofika Seneti, Blackburn alikubaliana kwanza na Ted Cruz wa Texas juu ya toleo la miaka 5, kisha akageuka. Sababu yake ilikuwa kwamba Bunge ambalo limeshindwa kuipitisha KOSA halina uso wa kuyafunga mikono majimbo yanayojaribu. Tarehe 1 Julai 2025 Seneti ilikiondoa kifungu hicho kwa kura 99 dhidi ya 1. Miezi mitano baadaye Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuzibana sheria za majimbo kuhusu akili mnemba, kwa kuunda kikosi cha kuzishtaki na kutishia kunyima fedha, lakini hata amri hiyo ilisema sheria ya taifa itakayopendekezwa isiguse ulinzi wa watoto. Isitoshe, amri ya rais si sheria ya Bunge. Kwa karatasi hiyo peke yake, hakuna sheria ya jimbo inayofutika.

Hiyo ya fedha si mbinu mpya. Umri wa kunywa pombe Marekani ni miaka 21 katika majimbo yote, na Bunge halikuwahi kuuamuru. Mwaka 1984 lilisema tu kwamba jimbo lisilofuata litakatwa sehemu ya fedha za barabara. Majimbo yakahesabu lami yao, na kufikia 1988 yote yalikuwa yamefuata. Sijaona mtu akiitumia njia hiyo kwa mitandao ya kijamii, labda kwa sababu hakuna fedha za shirikisho zinazolingana na barabara.

Sheria za zamani kuliko intaneti

Mwambie hayo yote mzazi anayeongea Kiswahili huko Columbus, Ohio, mwenye binti wa miaka 14, naye atauliza swali la maana: sasa hapa kwetu sheria ipo au haipo? Ile ya ridhaa ya mzazi imezuiwa. COPPA ilimwacha binti yake mwaka jana. KOSA haijapita. Ungedhani hana kitu.

Anacho, na kimekuwepo tangu kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Oktoba 2023 majimbo 33 yaliishtaki Meta kwa pamoja katika mahakama ya shirikisho ya California, Ohio, Minnesota na Kentucky zikiwemo. Mengine yakafungua kesi katika mahakama zao, jumla majimbo 41 na Washington DC. Waliegemea COPPA, na pamoja nayo sheria za kawaida za majimbo zinazomkataza mfanyabiashara kumdanganya au kumdhulumu mlaji. Nyingi zilitungwa miaka ya 1960 na 1970, zikiwawazia wauza magari mabovu na mabati yanayovuja. Dai ni kwamba Meta iliwaambia wazazi bidhaa yake ni salama ilhali ikijua vingine. Meta inakana. Oktoba 2024 jaji alikata sehemu ya madai kwa sababu ya kifungu cha 230, akaliacha kubwa liendelee.

Sheria hizo hazitaji intaneti, hazitaji umri, wala hazimwombi mtu kitambulisho, na kwa hiyo zimepita pale ambapo sheria mpya za watoto zilikwama. Wasiwasi wa wanaolipinga neno "inayohusu" umelala hapo. Sheria ya Ohio ya kumlinda mlaji haipingani na chochote kilichomo ndani ya KOSA. Lakini siku ikitumika dhidi ya kampuni ya mtandao kwa ajili ya binti wa miaka 14, wakili wa kampuni atasimama na kuuliza kama haihusu.